Sikio Linalotoka Usaha: Walichofundisha Wanyama wa Maabara na Wasichoweza Kufundisha

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

Mwalimu wa darasa la pili anapoita jina la mwanafunzi mara mbili bila kuitikiwa, jambo la kwanza linalomjia akilini ni utundu au usingizi. Huenda si kimojawapo. Huenda mtoto huyo alianza kutoka usaha sikioni kabla hajatimiza miaka miwili, usaha ukakoma, ukarudi kila alipopata mafua, na kwa kuwa halii wala hana homa, nyumbani ikaonekana ni jambo la kawaida litakaloisha akikua. Katika Kata ya Masukulu, Wilaya ya Rungwe, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini, mvua ni nyingi, na baridi ya Juni na Julai huwakusanya watoto jikoni, karibu na moto wa kuni na moshi wake. Mafua ya watoto katika mazingira hayo ni ya kutarajiwa, na sikio hufuata mafua.

Tatizo hili halikuanza leo na limewahi kupimwa nchini. Utafiti wa B. M. Minja na A. Machemba, uliochapishwa mwaka 1996, uliwachunguza wanafunzi wa shule za msingi za mjini na za vijijini katika eneo la Dar es Salaam, ukabaini kuwa masikio yanayotoka usaha kwa muda mrefu yalikuwa mengi zaidi kwa watoto wa vijijini. Mwaka mmoja kabla yake ulichapishwa utafiti mwingine kuhusu wanafunzi wa wilaya za Moshi na Monduli. Tafiti za aina hiyo huonyesha ukubwa wa tatizo. Hazionyeshi kinachotokea ndani ya sikio la mtoto katika siku ya kwanza, ya tatu na ya kumi tangu bakteria waingie. Hilo lilihitaji kutazamwa mahali pengine, na mahali penyewe palikuwa ndani ya masikio ya wanyama.

Chumba kidogo nyuma ya kiwambo

Sikio la kati ni chumba kidogo chenye hewa, kilicho nyuma ya kiwambo cha sikio. Ndani yake mna mifupa mitatu midogo iitwayo nyundo, fuawe na kikuku, na huo wa mwisho ni mdogo kuliko punje ya mchele. Kiwambo kinapotikiswa na sauti, mifupa hiyo hupokezana mtikisiko na kuufikisha sikio la ndani, kwenye kiungo chenye umbo la konokono kiitwacho koklea. Humo seli zenye vinyweleo hugeuza mtikisiko kuwa ishara ya kwenda kwenye ubongo. Seli hizo zikifa kwa binadamu hazioti tena.

Chumba hicho huingiza hewa kupitia mrija mwembamba unaofunguka nyuma ya pua, uitwao mrija wa Eustachio. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo bakteria wanaokaa puani hawana safari ndefu. Mafua yakiuvimbisha mrija, hewa haipiti, majimaji hujaa, bakteria huzaliana na kiwambo husukumwa kutoka ndani. Maumivu ya usiku ambayo kila mzazi anayajua hutokana na msukumo huo. Kiwambo kikitoboka, maumivu hupungua ghafla na usaha hutoka. Hapo ndipo wengi hudhani mtoto amepona.

Mnyama anayesimama mahali pa mgonjwa

Daktari hawezi kumwambukiza mtoto ugonjwa ili autazame unavyoendelea, wala hawezi kufungua sikio la kati la mtoto kila siku ili achukue sampuli. Kwa sababu hiyo watafiti hutumia mnyama kielelezo, yaani mnyama ambaye mwili wake, katika jambo mahususi linalochunguzwa, unafanana na wa binadamu kiasi cha kuweza kusimama mahali pake. Wasomaji wanaowafahamu panya wa Morogoro, wanaofunzwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, wasichanganye mambo haya mawili. Panya wale ni watambuzi na hawaambukizwi ugonjwa. Mnyama kielelezo huugua kwa niaba yetu, na ndiyo maana matumizi yake hubeba wajibu ambao tutaurejea.

Kwa ugonjwa wa sikio la kati, aliyetumika sana ni chinchila, mnyama mdogo wa milima ya Andes ya Amerika ya Kusini, mwenye manyoya laini sana. Sababu za kumchagua ni za kawaida kabisa. Anasikia sauti za kiwango kinachokaribiana na kile cha binadamu. Chumba chake cha sikio la kati ni kikubwa kikilinganishwa na mwili wake, na mfupa unaokifunika ni mwembamba, hivyo sindano hupita kwa urahisi kuingiza bakteria au kutoa majimaji. Zaidi ya hayo, ni nadra kuugua sikio kwa asili yake. Akiugua, mtafiti anajua ni kwa sababu ya kile alichomwekea.

Mwaka 1976, G. Scott Giebink na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwaambukiza chinchila bakteria aitwaye Streptococcus pneumoniae, ambaye tutamwita nyumokoka. Ni yule yule anayesababisha sehemu kubwa ya nimonia na homa ya uti wa mgongo kwa watoto wadogo. Kwa mara hiyo ugonjwa wa sikio uliweza kufuatiliwa hatua kwa hatua, huku majimaji yakichotwa na kupimwa kila yalipohitajika.

Jaribio lililofuata, lililochapishwa mwaka 1980, ndilo ambalo mzazi wa Masukulu angelielewa bila kufafanuliwa sana. Safari hii watafiti hawakuchoma sindano sikioni. Waliweka vimelea puani, njia ile ile ambayo mtoto huipokelea maambukizi. Kundi la kwanza la chinchila liliwekewa virusi vya mafua makali ya influenza peke yake, la pili nyumokoka peke yake, na la tatu vyote viwili. Waliopata virusi pekee waliougua sikio walikuwa asilimia 4. Waliopata bakteria pekee walikuwa asilimia 21. Katika kundi lililopata vyote viwili, waliougua walifika asilimia 67.

Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa kujumlisha mbili za kwanza. Kirusi hakikuwa mgonjwa mwenza tu. Kilimfungulia bakteria mlango, kwa kuharibu utando wa mrija wa Eustachio na kuudhoofisha uwezo wake wa kusafisha sikio na kusawazisha hewa. Bibi wa Rungwe anayesema kuwa sikio la mjukuu lilianza na mafua anasema jambo ambalo maabara ilihitaji miaka kadhaa kulithibitisha kwa tarakimu. Ni maoni ya mwandishi kwamba katika kazi zote zilizofanywa kwa wanyama kuhusu sikio, hii ndiyo inayostahili kujulikana na kila mhudumu wa afya wa jamii, kwa sababu inageuza mafua ya mtoto kutoka jambo la kupuuzwa kuwa jambo la kufuatiliwa.

Chanjo, na mahali kielelezo kilipokoma

Chinchila walitumika pia kupima iwapo kinga dhidi ya nyumokoka ingeweza kulilinda sikio. Matokeo yalitia moyo, na chanjo za nyumokoka zilizounganishwa na protini zilipokuwa tayari zilijaribiwa kwa watoto. Tanzania iliingiza chanjo ya nyumokoka ya aina 13, ambayo kliniki huiita chanjo ya nimonia au PCV, katika ratiba ya taifa mwishoni mwa mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, pamoja na chanjo ya kuhara ya rota. Mtoto huipata akiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14.

Hata hivyo kuna somo ambalo chinchila hakuweza kulitoa. Utafiti mkubwa wa Finland, uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu chanjo ya awali ya aina 7, ulionyesha kuwa maambukizi ya sikio yaliyosababishwa na aina za nyumokoka zilizomo ndani ya chanjo yalipungua kwa asilimia 57. Maambukizi yote ya sikio kwa jumla, bila kujali kimelea, yalipungua kwa asilimia 6 tu. Ndani ya maabara mtafiti ndiye anayechagua bakteria mmoja na kumweka. Ndani ya pua ya mtoto wapo bakteria wengi, na mmoja akiondolewa mwingine huchukua nafasi. Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake amekamilisha chanjo zote na bado akapata usaha sikioni asihitimishe kuwa chanjo haikufanya kazi. Kazi yake kubwa ni kuzuia nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kwa sikio inapunguza mzigo, haiuondoi.

Matone yanayoponya na matone yanayodhuru

Mnyama mwingine wa maabara ni simbilisi, ambaye hahitaji kutambulishwa kwa wakazi wa Mbeya na Iringa, kwani wapo wanaomfuga nyumbani kwa kitoweo. Sikio lake hufikika kwa urahisi, na kwa miongo mingi limetumika kuchunguza dawa zinazoweza kuharibu usikivu.

Swali lilikuwa hili: dawa ya matone inayowekwa katika sikio lenye kiwambo kilichotoboka huishia wapi? Jibu ni kwamba hupita kwenye tundu, ikaingia sikio la kati, na sehemu yake huweza kupenya utando mwembamba wa dirisha la mviringo hadi kwenye koklea. Kwa wanyama, dawa za jamii ya jentamaisini na neomaisini zilipofika huko ziliua seli zenye vinyweleo. Dawa za jamii ya kwinoloni, kama vile siprofloksasini, hazikuonyesha madhara hayo. Wataalamu huongeza tahadhari moja ya haki, kwamba utando wa dirisha hilo kwa binadamu ni mnene kuliko wa simbilisi, hivyo hatari kwa mtu huenda ni ndogo kuliko ilivyoonekana kwa mnyama. Lakini pale ambapo ipo dawa inayofanya kazi bila hatari hiyo, hakuna sababu ya kuichukua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza matone ya kwinoloni kwa sikio linalotoka usaha kwa muda mrefu, na ndiyo maana si salama kununua dukani chupa yoyote ya matone kwa sababu tu ilimsaidia mtoto wa jirani.

Kwa nini sikio hurudia

Mzazi aliyempeleka mtoto mara tatu na kupewa dawa mara tatu ana haki ya kuuliza kwa nini usaha unarudi. Sehemu ya jibu ilitoka tena kwa chinchila. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa bakteria ndani ya sikio la mnyama huyo hawaogelei tu katika majimaji. Hujishikiza ukutani na kujijengea utando wa ute unaowakinga, mfano wa utelezi unaoshika mawe ya mtoni, na dawa za kumeza huwafikia kwa shida. Mwaka 2006 utando wa namna hiyo ulionekana moja kwa moja katika masikio ya watoto waliokuwa na ugonjwa sugu. Hapo kielelezo na mgonjwa vilikubaliana.

Mwaka huo huo wa 2006, kituo cha utafiti cha Harwell nchini Uingereza kilieleza kuhusu panya wa aina mbili, waliopewa majina ya Jeff na Junbo, ambao huugua sikio la kati kwa sababu ya hitilafu katika jeni moja. Kazi hiyo imefungua njia ya kuchunguza kwa nini katika familia moja mtoto mmoja huugua mfululizo na mwenzake asiugue kabisa.

Lipo pengo ambalo halipaswi kufichwa. Kwa muda mrefu vielelezo vingi vilihusu ugonjwa wa muda mfupi, unaosumbua watoto wa nchi tajiri. Sikio lililotoboka na kutoa usaha miaka kwa miaka, ambalo ni ugonjwa wa watu wenye kipato kidogo, halikuwa na kielelezo kizuri. Ni katika miaka ya karibuni tu ambapo watafiti wametengeneza kielelezo cha panya mwenye kiwambo kilichotoboka na maambukizi ya Pseudomonas aeruginosa, bakteria anayepatikana mara nyingi katika usaha wa wagonjwa wa aina hii, pamoja na hapa nchini.

Ng'ombe wa Tanzania na tahadhari moja

Nchini kwetu ipo kazi ya sikio la mnyama iliyofanywa kwa ajili ya mnyama mwenyewe. P. Msolla na wenzake walichapisha mwaka 1985 matokeo ya kutibu kwa ivermektini ugonjwa wa masikio ya ng'ombe unaosababishwa na minyoo midogo iitwayo Rhabditis bovis, na mwaka 1993 wakachapisha maelezo ya dalili zake kwa ng'ombe wa Tanzania. Ng'ombe hutikisa kichwa, sikio hutoa uchafu wenye harufu mbaya, na ugonjwa ukipenya ndani huweza kuharibu mshipa wa fahamu wa uso.

Rungwe ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa, na ivermektini si jina geni hapa. Wananchi wameipokea kwa miaka mingi katika ugawaji wa dawa za usubi, ugonjwa ambao umechunguzwa kwa muda mrefu na Kituo cha Tukuyu cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kwa sababu hiyo tahadhari ni lazima isemwe wazi. Usaha wa sikio la mtoto hautokani na minyoo hiyo. Dawa ya mifugo, hata ikiwa na jina lile lile, isiwekwe sikioni mwa mtoto wala asinyweshwe. Kufanana kwa dalili kati ya ndama na mtoto si kufanana kwa ugonjwa.

Kuhusu wajibu tuliougusia awali, Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inawagusa pia wanyama wanaotumika katika utafiti. Duniani kote kanuni inayofuatwa ni ile iliyowekwa mwaka 1959 na Waingereza W. M. S. Russell na R. L. Burch: mtafiti atumie njia isiyohitaji mnyama pale inapowezekana, apunguze idadi ya wanyama, na aboreshe taratibu ili mnyama asiumie bila sababu.

Hatua za kuchukua nyumbani na kituoni

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu watoto wagonjwa huligawa tatizo kwa siku. Usaha ambao haujafikisha siku 14 huhesabiwa kuwa maambukizi ya muda mfupi. Mtoto hupewa antibaotiki ya kumeza, kwa kawaida amoksilini kwa siku 5, na sikio hukaushwa. Usaha wa siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu, na hapo matone ya kwinoloni kwa wiki mbili, baada ya kukausha sikio, ndiyo tiba. Antibaotiki za kumeza kwa hatua hiyo husaidia kidogo, jambo ambalo msomaji aliyefuata habari ya utando wa bakteria hatalistaajabia.

Kukausha sikio ni kazi ambayo mzazi huifanya mwenyewe. Chukua kipande cha kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, kisokote kiwe utambi, kiingize taratibu sikioni, kiache kilowane, kitoe, weka kingine, hadi utambi utoke mkavu. Rudia angalau mara tatu kwa siku. Usitumie njiti ya kiberiti wala kijiti chenye pamba, na usiache pamba imekaa sikioni kutwa nzima, kwa kuwa huhifadhi unyevu ambao Pseudomonas huupenda. Mafuta ya moto, maji ya majani na maziwa visiwekwe sikioni kabisa. Mtoto asiogelee hadi sikio likauke na mhudumu athibitishe.

Ipo dalili moja isiyosubiri. Uvimbe unaouma nyuma ya sikio maana yake ni kwamba maambukizi yameingia katika mfupa, na kutoka hapo yanaweza kufika kwenye ubongo. Mtoto huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo usaha unapoambatana na shingo kukakamaa, kutapika mfululizo, kizunguzungu au uso kupinda upande mmoja.

Kwa mkazi wa Masukulu, pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikiwa sikio halijakauka baada ya wiki mbili za tiba sahihi, aombe rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Makandana, Tukuyu, na kutoka huko, ikibidi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, kwa ajili ya kupimwa usikivu na kuangaliwa iwapo kiwambo kinahitaji kuzibwa kwa upasuaji. Aende na kadi ya kliniki ya mtoto na chupa za dawa zote zilizokwisha kutumika, hata zilizo tupu. Na mwalimu, wakati huo wote, amkalishe mtoto dawati la mbele, sikio zima likielekea anakosimama.